Buleteni iliyofika mahakamani

Nimechoka kuwasikia maprefe (wakuu wa shule za sekondari) na wazazi wa hapa Lubumbashi wakisema kwamba kijana anayeishia gereza la Kasapa alikuwa ameharibika tangu utotoni, na kwamba shule iliyomfukuza iliona mapema tu. Ninawatetea watoto katika Mahakama ya Watoto, na mara nyingi faili zao zinaonyesha kinyume.

Wengi hawakufukuzwa kwa kisu wala bangi, bali kwa kuchelewa, kumjibu mwalimu au kukosa minervali (ada) ya sekondari. Mtoto anatolewa darasani saa nne asubuhi, anaogopa fimbo ya baba, basi anashinda soko la Kenya, hapa hapa mjini, akiwa na shati lake jeupe la shule, kati ya wakubwa wenye kazi zao. Polisi wakija kuzoa vijana, naye yumo.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni karatasi. Hakimu anapotaka kujua maisha ya mtoto, buleteni, yaani ripoti yake ya shule, huingia katika faili, na kwenye safu ya mwenendo pameandikwa "mbaya". Mbaya kwa kutenda nini, lini, mbele ya nani? Hakuna aliyejisumbua kuandika, na hivyo faranga alizokosa baba zinasomwa mahakamani kama tabia ya mwana, huku mimi nikibaki kubishana na neno moja lisilo na shahidi.

Marekani wamelipima jambo hili. Utafiti wa Texas uliochapishwa mwaka 2011 ulifuatilia karibu wanafunzi milioni 1, na takriban 60% walikuwa wamesimamishwa au kufukuzwa angalau mara moja kati ya darasa la 7 na la 12, karibu wote kwa makosa ambayo sheria haikuilazimisha shule kuyaadhibu hivyo. Walioadhibiwa kwa makosa ya namna hiyo walielekea karibu mara 3 zaidi kufikishwa kwenye vyombo vya sheria vya watoto mwaka uliofuata.

Hapo nina shaka, kwa sababu huenda shida za nyumbani ndizo zinazoleta yote mawili. Utafiti wa Charlotte, mji wa Marekani pia, unanipunguzia shaka hiyo: mipaka ya shule ilipochorwa upya mwaka 2002, watoto waliojikuta katika shule kali zaidi walikamatwa zaidi ukubwani. Lakini kule polisi wamo shuleni. Kwetu wako sokoni, na sijui kama njia ni ileile.

Kwa maprefe ninaomba kidogo: andikeni tendo na tarehe, mwiteni mzazi kabla mtoto hajavuka lango, na barua ya minervali apelekewe anayedaiwa.