Hakuna kibubu Pittsburgh

Nimeisikia kwa kinyozi, nimeisikia harusini, na wiki hii imeletwa tena kwenye kundi la WhatsApp na kaka ninayemheshimu sana, kuhusu Pirates, klabu ya besiboli ya Pittsburgh, Marekani: "Pirates hawajatumia hela miaka yote hii, kwa hiyo hela zipo. Subirini vijana waive, mzee atafungua pochi." Mzee ndiye Bob Nutting, mmiliki. Chini yake watu kumi na kitu wakaweka vidole gumba.

Kazi yangu ni kukadiria mishahara ya wachezaji wa besiboli kwa niaba ya mawakala wao. Nashinda na majedwali ya mikataba. Basi acheni niliseme hili kwa maandishi, siku nyingine nitume kiungo tu nikalale: hela hizo hazipo. Hakuna kibubu.

Bajeti ya mishahara ya klabu ni ya mwaka huo. Msimu ukifungwa, kilichobaki kimekuwa faida, au kimeziba hasara, au kimelipa deni. Ni cha mmiliki na wenye hisa wenzake, na hakuna kanuni ya ligi inayosema dola ambayo hukuitumia 2021 utaidai 2026. Nadhani najua imani hii ilikotoka. Mwendo mfupi kutoka PNC Park, uwanja wa Pirates, kuna uwanja wa Steelers, timu ya mpira wa Kimarekani, na kwenye ligi yao, NFL, kuna ukomo wa mishahara ambao nafasi isiyotumika huruhusiwa kusogezwa mwaka unaofuata. Mshabiki wa Pittsburgh kakulia huko, akaihamisha kanuni ile hadi kwenye mchezo usio nayo. Besiboli haina ukomo. Ina kodi tu kwa anayevuka kiwango, na kwa 2025 kiwango kilikuwa dola milioni 241, mahali ambapo Pirates hawajawahi hata kupaona kwa mbali.

Ushahidi upo, kwa anayetaka. Mwaka 2010 nyaraka za fedha za klabu hii zilivuja: 2007 na 2008 kwa pamoja ilipata faida ya karibu dola milioni 29. Uwanjani misimu hiyo ilipoteza mechi 94, kisha 95. Si uhalifu. Ila mniambie, vijana walipoiva kweli, 2013 hadi 2015, timu ikaingia mchujo misimu mitatu mfululizo baada ya miaka 20 ya kuishia chini ya nusu, pochi ilifunguka? Timu ilishinda mechi 98 mwaka 2015, na majira ya baridi yaliyofuata wakamtoa mpigaji wao Neil Walker kwa Mets ya New York wakapata mrushaji Jon Niese. Januari 2018, ndani ya siku chache, nyota wao wawili, Gerrit Cole akaenda Houston na Andrew McCutchen akaenda San Francisco. Tulishasubiri. Tulishaona kinachotoka.

Haya, sasa kinachonikera hasa.

Watu wanadhani katika ujenzi mpya wa timu kinachotumika ni subira yao. Kinacholiwa ni muda wa utumishi wa wachezaji. Siku 172 kwenye kikosi cha ligi kuu zinahesabiwa mwaka mmoja. Miaka mitatu ya kwanza klabu inamlipa kijana karibu inavyotaka, kima cha chini kikiwa dola 760,000 kwa 2025. Mitatu inayofuata ni ya usuluhishi wa mishahara (wasipoelewana, wasuluhishi huamua), na bei inapanda kila mwaka. Ikitimia sita, ni mchezaji huru. (Kuna wanaoingia usuluhishi mapema, hao nawaruka, wataniharibia jioni.)

Tumchukue mrushaji Paul Skenes, maana ndiye anayetajwa kila "vijana wakiiva" inapotajwa. Alichaguliwa wa kwanza kwenye drafti ya 2023, yaani zamu ya klabu kuchagua vijana wapya, akasaini kwa dola milioni 9.2. Akapandishwa Mei 11, 2024. Hesabuni kuanzia hapo hadi Septemba 29, msimu ulipofungwa: siku 142. Hazifiki 172. Kwa hesabu ya kawaida msimu ule usingekuwa mwaka kamili, na Pirates wangekuwa naye hadi mwisho wa 2030. Mashabiki wengi bado wanautaja mwaka huo. Lakini mkataba wa pamoja wa 2022 kati ya klabu na chama cha wachezaji una kipengele kilichowekwa makusudi kwa klabu zinazochelewesha vijana: chipukizi wa daraja la juu akimaliza wa kwanza au wa pili kwenye kura za mchezaji bora chipukizi, anapewa mwaka mzima hata kama siku hazikutimia. Skenes akaishinda tuzo. Mwaka 2030 ukafutika kwa kura za waandishi wa habari.

Kwa hiyo misimu yake ya bei poa ni mitatu tu: 2024, 2025 na 2026. Miwili imeshaliwa. Wa kwanza timu ilimaliza 76 kwa 86, wa pili 71 kwa 91. Mwaka 2025 alilipwa mshahara wa dola 875,000, ERA yake (wastani wa mikimbio anayoruhusu kwa mechi nzima) ilikuwa 1.97, na Novemba akapewa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, kwa kura zote. Rekodi yake ilikuwa kushinda 10, kupoteza 10. Someni tena hapo. Hajazidiwa na mrushaji yeyote katika ligi yake na bado amepoteza mechi kumi, kwa sababu wapigaji nyuma yake walikuwa miongoni mwa dhaifu kabisa kwenye ligi kuu.

Hapo ndipo "wakiiva watanunua" inapogeuka kichekesho. Kijana kuiva na kijana kuwa ghali ni tukio moja. Wakati wa kununua wapigaji ni pale mrushaji wako bora anapolipwa chini ya milioni moja, kwa sababu pengo kati ya thamani yake na mshahara wake ndilo linalokuruhusu kumlipa mwingine. Subiri hadi 2028, Skenes akiwa kwenye usuluhishi wa mwaka wa pili, na nawaahidi mtaambiwa bajeti imebana. Na itakuwa kweli!

Niwe mkweli kuhusu klabu lakini. Si kwamba haitoi kabisa. Bryan Reynolds alipewa miaka minane kwa dola milioni 106.75 mwaka 2023, mkataba wa kwanza wa klabu hii kuvuka milioni 100. Mitch Keller alipata milioni 77. Ke'Bryan Hayes alipata 70, na Julai 2025 wakamuuza Cincinnati. Wanawafunga walio wao. Wa kutoka sokoni ndio waliokuwa wakiwaogopa hadi 2025.

Na kama lazima mnionyeshe kibubu, kipo kimoja halali, kwenye drafti. Kila klabu hupewa mfuko wa bonasi, na ukiokoa kwa mchezaji mmoja unaruhusiwa kuongeza kwa mwingine. Mwaka 2021 Pirates walimchagua Henry Davis wa kwanza, wakamsainisha kwa milioni 6.5, chini ya bei iliyopangwa kwa nafasi ile, kisha wakatoa milioni tatu kumvuta Bubba Chandler kwenye raundi ya tatu. Kazi safi. Chandler sasa yuko ligi kuu na anarusha moto. Davis bado anatafuta fimbo yake. Lakini kibubu hicho huvunjwa kiangazi kilekile kilipojazwa. Hakilali.

Najua mtanitajia Houston. Astros walipoteza 106, 107 na 111, kuanzia 2011 hadi 2013, kisha wakabeba ubingwa 2017. Hapa nakiri kitu ambacho wenzangu kwenye kazi hii hawapendi kukisema kwa sauti: hatujui kama kupoteza kulikuwa na maana yoyote. José Altuve alikuwa ndani tangu 2007, kwa bonasi ya dola 15,000. Wenzake Springer na Keuchel walichaguliwa kabla Jeff Luhnow, meneja mkuu wa ujenzi ule, hajaajiriwa. Chaguo lao la kwanza la 2013, Mark Appel, hakuichezea Astros hata mechi moja ya ligi kuu. Correa ndiye tunda la kupoteza, na Bregman kwa njia ya kuzunguka. Tuna mifano michache mno, mmoja kati yake umechafuliwa na pipa la taka lililogongwa kuwapa wapigaji ishara, na juu ya hiyo tumejenga nadharia nzima. Mimi huonyesha grafu kwa wateja kwa uso mkavu. Nikiulizwa nina uhakika kiasi gani, nusu kwa nusu.

Tena mlango wenyewe umebanwa. Kwenye soka la kwetu timu ya namna hii ingeshashuka daraja zamani na mjadala ungekwisha. Marekani hakuna kushuka, aliye mkiani alikuwa anazawadiwa chaguo la kwanza. Sasa kuna bahati nasibu ya drafti inayogawa nafasi za juu. White Sox ya Chicago walipoteza mechi 121 mwaka 2024, nyingi kuliko timu yoyote ya enzi hizi, na kwenye drafti iliyofuata wakachagua wa kumi, kwa sababu kanuni zinaizuia klabu ya soko kubwa kama wao kuingia bahati nasibu miaka miwili mfululizo.

Upande wa pili, wa "mwaga hela tu", nautembelea dakika moja: Mets 2023, orodha ya mishahara kubwa kuliko zote hadi wakati huo, ushindi 75. Haya, tuendelee. Mfano unaonisumbua ni Royals ya Kansas City. Walipoteza 106 mwaka 2023, wakakataa kungoja, wakawasajili Seth Lugo na Michael Wacha, wakamfunga Bobby Witt Jr. kwa dola milioni 288.7, na 2024 wakaingia mchujo. Soko dogo, kama la Pittsburgh.

Mnaoimba "uza timu" mna hoja nzuri kuliko mnavyojua. Faida kubwa ya mmiliki haiko kwenye mishahara aliyobana. Iko kwenye bei ya klabu. Orioles ya Baltimore ilinunuliwa dola milioni 173 mwaka 1993, ikauzwa 2024 kwa bilioni 1.725, na katikati hapo kuna msimu wa kupoteza 115. Je, Bob Nutting anamudu orodha ya milioni 150? Mapato ya televisheni za mikoani yameyumba kweli, na vitabu vya klabu nyingi vimefungwa. Ni Atlanta tu, kwa kuwa hisa zake ziko sokoni, na Toronto kupitia kampuni mama, tunazoweza kuchungulia. Nakadiria kwamba anamudu. Ni kadirio.

(Mnaoniandikia kutoka Kampala: ndiyo, mrushaji wenu David Matoma yuko kwenye timu za vijana za Pirates, na ndiyo, mkono wake unatisha. Mwacheni akue.)

Mtihani uliofuata baada ya msimu wa 2025 ulikuwa Konnor Griffin. Alikuwa na miaka 19, chaguo la tisa la 2024, na msimu huo alipanda hadi Altoona, timu ya Pirates ya ligi ndogo. Akifanya vizuri mazoezini Machi 2026, klabu ilikuwa na njia mbili: kumwanzisha siku ya kwanza, au kumrudisha chini wiki chache kwa kisingizio cha ulinzi wake, ili kujaribu kuokoa mwaka. Akianza mwanzo wa msimu na kushinda tuzo ya chipukizi, klabu inapata chaguo la ziada la drafti. Akicheleweshwa na kuishinda, mwaka unakwenda kama ulivyokwenda wa Skenes. Mimi ningemwanzisha, kama fimbo yake inaruhusu, siku ileile Skenes anapofungua msimu wake wa mwisho wa bei poa. Wao, nilidhani, wangemrudisha chini kwanza na kumpandisha Aprili.