Mawe yakigawanywa, mama yuko wapi?

Mimi ni mjiolojia, na miaka yangu mingi ya kazi imepita kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu Kanda ya Ziwa. Kila semina huniuliza: tufanyeje ili wanawake waingie kwenye madini? Jamani, waliingia zamani. Fika Lwamgasa au Nyarugusu, machimbo ya Geita, asubuhi utawakuta wameketi vifusini, nyundo mkononi, wanaponda mawe kwa malipo ya ndoo. Wengine wanabeba maji ya mwaloni, yaani mahali pa kuoshea mawe yaliyosagwa, wanapika, wanachekecha. Kule Kamituga, Kongo, kazi hiyo imewapa hata jina: mama twangaises, kutokana na kutwanga.

Kinachoniuma ni kwamba wanaingia baada ya mgawo.

Mgawo hufanyika mdomoni mwa duara, yaani shimo la kuchimbia. Mawe yakipanda huhesabiwa kwa mifuko: fungu la mwenye leseni, la mwenye duara, la mwenye shamba, la vijana walioshuka. Viwango hutofautiana machimbo kwa machimbo, lakini kanuni ni moja: asiye na jina pale hana mfuko. Mponda mawe hana jina. Mwamba ukitema dhahabu nyingi, ndoo yake inalipwa bei ileile ya jana.

Ukiuliza sababu utaambiwa mwanamke hashuki shimoni, akishuka dhahabu inakimbia. Imani hiyo nimeikuta kwa wachimbaji wazee na vijana pia. Tusiwacheke, maana hata sheria za kimataifa zilimzuia: Mkataba namba 45 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1935, ulikataza wanawake kufanya kazi chini ya ardhi migodini, na ulifutwa rasmi Juni 2024 tu.

Lakini mwenye leseni naye mara nyingi hashuki! Sheria yetu ya Madini ya mwaka 2010 inampa leseni ya uchimbaji mdogo Mtanzania yeyote, kwa miaka 7 inayoweza kuhuishwa, bila kuuliza kama ni mume au mke. Kikwazo kinakuja kwenye ada, kwenye vipimo vya eneo, na zaidi ya yote kwenye ardhi. Madini ni mali ya umma, shamba lina mwenyewe, na ni lazima uelewane naye. Sheria za ardhi za 1999 zinamtambua mwanamke sawasawa na mwanamume, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina ya wote wawili. Hata hivyo, wajane wangapi nimewaona wakitolewa shambani na mashemeji wiki ileile dhahabu ilipoonekana! Ndiyo maana nikifika kijijini, kabla ya kuzungumzia mwamba, nawaomba kina mama wanionyeshe shamba limeandikwa jina la nani.

Kuna mahali pengine pa mgawo ambapo watu hawapatazami, nako ni kwenye marudio. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, na kuoshwa mwaloni, mchanga unaobaki, ndiyo marudio, huonekana takataka. Ukweli ni kwamba zebaki, metali ya majimaji inayotumiwa kunasa dhahabu, mara nyingi hukamata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo. Iliyobaki huja kutolewa kwa kemikali ya sayanaidi, na anayeichukua ni mwenye karasha, kwa kuwa desturi ya machimbo mengi ni kumwachia marudio kama malipo ya kusagia. Mama anaondoka na punje. Mwenzake anabaki na kilima. Kwa hiyo ninaposikia kikundi cha akina mama kimepata mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato iliyotengewa wanawake, ushauri wangu ni mmoja: nunueni karasha.

Zebaki yenyewe naisema kwa uchungu. Wanawake wengi huichanganya na mchanga kwa mikono mitupu ili inase dhahabu, na wapo wanaoichoma jikoni ili ibaki dhahabu, mtoto mgongoni. Mvuke wake hauonekani. Kwa mjamzito sumu hiyo hupita hadi kwa mtoto tumboni na kuharibu ubongo unaoanza kujengeka. Choma nje, ndani ya chombo kilichofungwa kinachourudisha mvuke kuwa zebaki, na mjamzito asiwe karibu kabisa.

Masoko ya madini yaliyoanza 2019 yamesaidia: dhahabu hupimwa mbele yako, na bei inajulikana. Ila soko linamfaa mwenye cha kupeleka.

Kikundi kimoja nilichokishauri kilianza na daftari. Walikubaliana na mwenye mwalo kwamba marudio ya mawe yao yawekwe kando, na kila ndoo iandikwe jina la aliyeileta, ili lundo likienda kwenye sayanaidi wagawane kwa ndoo. Mama mmoja asiyejua kusoma aliniomba nimsomee mstari wake. Nikasoma: ndoo 46. Akaniomba nirudie, akihesabu kwa vidole.