Kung'aa kwa chuma sio kwamba kiko tayari kwa rangi

Wateja hapa Kampala wanakuja na neno lile lile, "fundi, nimeshasugua mpaka kinang'aa, wewe piga rangi tu." Boss, huko kung'aa ndio tatizo lenyewe! Ukifunga brashi ya waya kwenye grinda ukasugua mpaka unajiona uso, umekilainisha chuma, na kutu iliyokuwa kwenye vishimo umeipiga polishi ikabaki humo humo. Rangi inataka mahali pa kung'ang'ania, mabonde na vilima vidogo vidogo, epoksi nyingi (rangi ngumu za kuchanganya kopo mbili) zinataka kina cha kama maikroni 50 hadi 75, na maikroni 1000 ndio milimita moja, kwa hiyo kwa macho hutaona kitu ila pitisha kucha utasikia inakwaruza. Hiyo inatoka kwa kurusha chembe zenye kona kwa hewa ya kompresa, brashi haiwezi.

Halafu wale wa "chuma ni kipya, cha nini kusafisha?" Hawa ndio wananimaliza. Chuma kipya kinakuja na gamba la bluu-nyeusi, linatokea kikipitishwa kwenye rola kikiwa cha moto, gumu lakini halinyumbuki, kikipigwa jua mchana na baridi usiku linapasuka, unyevu unaingia, na kati ya gamba na chuma kilichoachwa wazi kunapita umeme mdogo unaokula chuma, sio gamba. Baadaye rangi inabanduka vipande, na ukigeuza kipande unakuta gamba limeshikana na rangi vizuri kabisa. Yaani rangi ilishika, gamba ndio liliachia chuma, ila anayetukanwa ni mpiga rangi na duka lililouza kopo. Ukiagiza kazi ya maana, tanki au nguzo, mwambie fundi unataka Sa 2½ ya ISO 8501-1, hicho ni kipimo cha kimataifa cha usafi wa chuma, yaani gamba na kutu vyote vimetoka, kumebaki vivuli vidogo tu vya madoa. Akishangaa, tafuta mwingine.

Kufuta kwa dizeli: hapana. Inaacha mafuta. Toa grisi kwa thina na vitambaa visafi KABLA ya kupiga chembe, maana ukianza kupiga unayasambaza mafuta kila mahali na chembe zako zinaharibika.

Kupiga kwa mchanga wa Lwera, ule wa barabara ya Masaka, ni bei rahisi najua, lakini vumbi la silika likiingia mapafuni halitoki na silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, haina dawa, leso mdomoni ni kujidanganya. Uingereza walishaupiga marufuku mchanga kwa kazi hii tangu 1950. Tumia ganeti, chembe za jiwe gumu, au chembe za chuma, na vaa kofia yenye hewa yake.

Eti kupiga chembe kunadhoofisha chuma? Bati jembamba litapinda, hapo sawa. Lakini springi na gia zinapigwa vigoroli vya chuma makusudi, ngozi ya juu inabanwa na ufa unapata shida kuanza, springi inadumu zaidi. Ila vigoroli ni mviringo, kwa rangi bado nataka kona.

La mwisho, "tumemaliza kupiga, praima (rangi ya kwanza) kesho." Msimu wa mvua huu? Chuma kitupu kinashika kutu usiku mmoja tu. Praima iingie ndani ya masaa machache, siku ile ile, chuma kikiwa na joto lisilopungua digrii 3 za Selsiasi juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikishuka hapo unyevu unageuka maji juu ya chuma. Ukikuta wekundu asubuhi tunapiga upya, na mafuta ya kompresa unalipa wewe.