Ini la nguruwe, damu ya binadamu: uharibifu huanzia wapi

Watafiti wanajaribu kutumia viungo vya nguruwe kwa binadamu, na swali ni kwa nini damu yetu huviharibu. Pitisha damu ya binadamu kwa pampu ndani ya pafu la nguruwe wa kawaida, na hutasubiri sana kuona uharibifu. Shinikizo linapanda, maji yanavuja kuingia kwenye vifuko vya hewa, na baada ya dakika chache pafu halifai tena. Ini huvumilia zaidi. Ukiuliza kisa, wengi watakujibu: kingamwili, yaani protini za kinga zinazojishika kwenye vitu vigeni. Ni kweli, ila hapo ndipo mambo yanapoanza tu.

Seli zinazotanda ndani ya mishipa ya nguruwe zina sukari iitwayo alfa-gal. Sisi hatuna, na bakteria wa utumbo hutufanya tuwe na kingamwili dhidi yake tangu utotoni. (Sukari hiyohiyo ndiyo huwaletea mzio wa nyama baadhi ya watu walioumwa na kupe.) Kingamwili zikijishika pale, huamsha komplimenti, yaani protini za damu zinazochocheana moja baada ya nyingine hadi za mwisho zinatoboa ukuta wa seli. Kuzima GGTA1, jeni ya nguruwe inayohitajika kutengeneza sukari hiyo, huiondoa. Kumwongezea nguruwe jeni za binadamu za CD46, CD55 na CD59, protini zinazozuia komplimenti, huikata komplimenti hiyo katika hatua tofauti.

Kisha linabaki suala la kuganda kwa damu, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote. Von Willebrand ya nguruwe, protini ya kugandisha damu, hunasa chembe sahani zetu (chembe ndogo za damu zinazoziba majeraha) hata pasipo jeraha, na thrombomodulini yake, protini iliyo kwenye ukuta wa mishipa, haiamshi vizuri protini C ya binadamu, ambayo kazi yake ni kuzuia mabonge. Juu ya hayo, makrofeji za ini, yaani seli za kinga zinazomeza vitu vigeni, humeza chembe nyekundu za binadamu. Kwa hiyo kiungo kinaweza kuepuka kingamwili kabisa na bado kikala chembe sahani kwa saa chache. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, peke yake haitoshi. Katika majaribio ya mapafu, watafiti humpa nguruwe dawa ya desmopresini kabla ya upasuaji ili akiba yake ya von Willebrand ipungue, na mara nyingine huziondoa makrofeji kwa dawa ya klodroneti.

Mwishoni mwa 2023, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kilizungusha damu ya mtu aliyekufa ubongo kupitia ini la nguruwe aliyehaririwa jeni, likiwa nje ya mwili, kwa saa 72. Ni hatua kubwa, lakini saa 72 hazituambii kitu kuhusu kingamwili mpya ambazo mwili hutengeneza wiki kadhaa baadaye.

Jambo moja naona linapuuzwa: plastiki ya mirija inayopitisha damu hadi kwenye kiungo nayo huamsha komplimenti, na pampu huvunja chembe nyekundu. Kabla ya kumlaumu nguruwe, zungusha damu hiyohiyo kwenye mirija isiyo na kiungo, halafu zungusha damu ya nguruwe ndani ya kiungo chake mwenyewe. C3a, kipande cha protini kinachoonyesha kwamba komplimenti imeamka, ikipanda vilevile kwenye mirija mitupu, usiende kuhariri jeni nyingine. Tafuta mirija iliyopakwa heparini.