Namna Ninavyolinganisha Tochi Ndogo za LED Kabla ya Kulipa

Wateja wanaofika kwenye meza yangu ya ufundi hapa Arusha wakitafuta tochi ndogo ya kutembea nayo kila siku huniuliza kwanza ina lumeni ngapi, na mimi huwaomba tuliweke swali hilo kando kidogo, kwa kuwa namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi huwapotosha watu kuliko kasoro yoyote ya tochi yenyewe. Nikichagua tochi ya mfukoni, ninachotaka kujua ni mwanga gani itaendelea kuutoa baada ya nusu saa, kwa betri gani, na ukiwa na rangi gani.

Lumeni hupima mwanga wote unaotoka mbele ya tochi. Watengenezaji makini hufuata kiwango cha ANSI FL1, ambacho kinataka mwanga upimwe kati ya sekunde ya 30 na ya 120 tangu tochi iwashwe, na muda wa kuwaka uhesabiwe mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo boksi linaweza kuandika lumeni 1,000 na saa mbili, yote mawili yakawa sahihi kwa mujibu wa kipimo, ilhali kwa sehemu kubwa ya saa hizo mbili tochi inatoa lumeni 200 au pungufu.

Sababu yake ni joto, pamoja na udogo wa betri. LED nzuri hutoa takribani lumeni 100 kwa kila wati, kwa hiyo lumeni 1,000 zinahitaji wati 10 hivi. Betri ya 14500, ambayo imepewa jina hilo kwa sababu ina kipenyo cha milimita 14 na urefu wa milimita 50, hubeba wati-saa zinazokaribia 3, na ukigawanya utaona kwamba hata ikitumika yote bila hasara yoyote haifikishi dakika 20. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya wati hizo hugeuka joto ndani ya kibomba cha alumini kinachoenea kiganjani, na sakiti iliyotengenezwa vizuri hupunguza umeme yenyewe kabla LED haijaungua. Wurkkos TS10, ambayo hutangazwa kuwa na lumeni 1,400 kwa betri ya aina hiyo, huzitoa kwa muda mfupi sana. Naipenda tochi hiyo, lakini kwa sababu nyingine nitakayoieleza hapa chini.

Jicho nalo halihesabu kama mashine. Ili mwanga uonekane umeongezeka mara mbili, unahitaji kuuzidisha karibu mara nne, kwa hiyo tofauti kati ya lumeni 160 za Fenix E12 V2.0 inayotumia betri moja ya AA na lumeni 180 za Olight i3T EOS inayotumia AAA moja huwezi kuitambua kwa macho. Kwa mtu anayeshuka kwenye haisi usiku na kupanda njia za miguu za Ilboru au Moshono, lumeni 50 zinazosambaa vizuri zinatosha, na betri ya AA ya kuchaji yenye wati-saa 2.4 inaweza kuzidumisha kwa saa nne hivi. Mwanga wa chini kabisa ndio watu wanaousahau wanaponunua: umeme ukikatika mtoto amelala, lumeni 5 zina manufaa kuliko 500, na tochi isiyoweza kushuka hadi hapo mimi siipendekezi kwa matumizi ya nyumbani.

Umbali ni habari nyingine, nao hutokana na kandela, yaani kipimo cha ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja. Chukua kipeuo cha pili cha kandela, kizidishe kwa mbili, utapata mita: kandela 2,500 hutoa mita 100. Lakini mwishoni mwa mita hizo kinachobaki ni laksi 0.25 tu (laksi hupima mwanga unaofika juu ya kitu), yaani kiasi cha mbalamwezi, kwa hiyo usitarajie kumtambua mtu aliyesimama huko.

Sasa rangi, jambo ambalo mji huu ulipaswa kulijua kuliko miji mingine. LED nyeupe kwa kawaida ni chipu ya buluu iliyofunikwa unga unaotoa mwanga wa njano, na zile za bei rahisi hupungukiwa na wekundu. Uaminifu wa rangi huandikwa kwenye boksi kwa herufi CRI. Jua huhesabiwa 100, LED nyingi za kawaida zipo karibu na 70, na nzuri huvuka 90. TS10 ipo katika kundi hilo la juu, na hiyo ndiyo sababu naipenda: fundi umeme hutofautisha waya mwekundu na wa kahawia bila kubahatisha. Madalali wa tanzanaiti wana hoja nzito zaidi, kwa sababu jiwe hilo huvuta kwenye buluu chini ya mwanga wa baridi, yaani wenye ubuluu, wa kelvini 6,500 na kwenye zambarau chini ya mwanga wa joto, yaani wenye unjano, wa kelvini 3,000. Anayelikagua kwa tochi moja ya baridi ameliona upande mmoja tu, na ningemshauri awe na tochi mbili zenye CRI ya juu.

Kuhusu betri, AA ina faida ya kupatikana hata kwenye duka la mtaani, ila zile za alkali zikisahaulika ndani huvuja na kula vishikizo vya shaba. Usiweke 14500 kwenye tochi iliyotengenezwa kwa AA pekee, kwani volti 4.2 badala ya 1.5 huweza kuua sakiti papo hapo. Na ukiuziwa betri ya 18650, ambayo ni kubwa kuliko 14500, iliyoandikwa ujazo wa 9900 mAh, irudishe: nzuri za ukubwa huo huwa karibu na 3,500, na uzito wake ni gramu 45 hadi 50, kwa hiyo nyepesi mno inajieleza yenyewe kwenye mizani.

Kwa masika angalia alama ya kuzuia maji: IPX4 huvumilia mvua, na IPX7 huvumilia kuzama mita moja kwa dakika 30, mradi oringi, yaani mpira wa kuziba maji, ipakwe grisi ya silikoni. Walinzi wa mashamba makubwa nisingewauzia yoyote kati ya hizi. Wao wanahitaji tochi ya 18650 yenye kioo kipana na kandela nyingi, hata kama haiingii mfukoni.