Spika za honi ya konokono: yanayosemwa na yanayopimika

Anayeiona spika ya honi ya konokono kwa mara ya kwanza huuliza sabufa imefichwa wapi. Mbele kuna spika moja ya inchi nne, fulurenji, yaani inayobeba sauti za chini na za juu peke yake bila krosova, kifaa cha kuzigawa. Nyuma yake kuna honi yenyewe, mfereji wa plaiwudi unaojizungusha mpaka unatokea chini ukiwa na mdomo mpana. Umbo hilo linavutia kiasi kwamba sifa zote za sauti hupewa lenyewe, na hapo ndipo mbao za watu zinapoharibika.

"Konokono akichorwa vizuri, besi inakuja yenyewe." Hii ndiyo dhana ya gharama kubwa kuliko zote. Mtu huchukua mchoro wa kombe la bahari, lile linalotanuka kwa uwiano uleule kila mzunguko, akaamini amepata honi. Honi ya besi hutanuka kwa kujizidisha: eneo la mfereji linakuwa maradufu kila baada ya umbali uleule, na umbali huo ndio unaoamua besi itashuka hadi wapi. Kwa honi inayoshuka hadi Hz 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, sauti ikisafiri mita 343 kwa sekunde, eneo linatakiwa kuwa maradufu kila baada ya sentimita 47. Tuseme koo, mwanzo mwembamba wa mfereji, ni sentimita 50 za mraba na boksi lina upana wa ndani wa sm 20. Nafasi kati ya kuta inaanza na sm 2.5. Ukipima kwa kufuata katikati ya mfereji, kwenye sm 47 iwe 5, kwenye 94 iwe 10, kwenye 142 iwe 20, kwenye 189 iwe 40.

Kombe halifanyi hivyo. Nafasi yake inakua kila mzunguko, ni kweli, lakini kila mzunguko nao ni mrefu kuliko uliotangulia. Kunjua mfereji wote uulaze chini, utakuta kuta zimeachana kwa mstari ulionyooka tu. Ukianza na sm 2.5 na kuishia na 40, pale kwenye sm 94 kombe lina sm 21, zaidi ya maradufu ya inayotakiwa. Honi imefunguka mapema mno na hewa imeacha kubanwa kabla ya wakati. Kwa hiyo hesabu hutangulia, konokono hufuata: chora mstari wa katikati, tia alama kila sm 10, pima nafasi ya kila alama kulingana na hesabu, kisha unganisha alama kwa kipande cha hadibodi kinachopinda. Utakachopata hakitafanana sana na kombe. Ndivyo kinavyopaswa kuwa.

Wengine husema kona kali za boksi la kawaida la honi huua besi, na kwamba mzunguko laini ndio dawa. Wimbi la Hz 100 lina urefu wa mita 3.4, na kona ya mfereji wa sm 10 haliioni kabisa. Zinazosumbuliwa na kona ni sauti za juu zaidi, nazo hatuzitaki zipite nyuma! Mfereji wa sm 189 ni sawa na wimbi zima la Hz 180 hivi, na kwa kuwa sauti ya nyuma hutoka kinyume na ya mbele, hapo zinauana. Sauti ya mwanamume inapwaya. Chumba kidogo cha hewa kati ya spika na koo, pamoja na pamba kidogo, hupunguza sauti za kati zisiingie kwenye mfereji. Kona nazo husaidia kazi hiyo; mzunguko laini hausaidii kama kona. Faida ya kweli ya konokono ni ukuta uliopinda, ambao ni mgumu kutetemeka, hasa ukigandisha plaiwudi mbili za milimita 3. Na uzuri wake, tusifichane.

Halafu kuna wanaoitaja spika ya Nautilus ya kampuni ya Bowers & Wilkins, ya mwaka 1993, kama ushahidi wa honi ya konokono. Ile si honi. Bomba lake huzidi kuwa jembamba kadiri linavyoiacha spika, ili liimeze sauti ya nyuma isitoke. Yetu hupanuka ili itoke.

Kuhusu mdomo, watu hujipa matumaini makubwa. Honi kamili ya Hz 40 iliyo hewani inataka mdomo wa kipenyo cha mita 2.7. Ukiisukuma kwenye pembe ya chumba, sakafu na kuta mbili zinafanya sehemu ya kazi na inatosha moja ya nane ya eneo lile. Paul Klipsch wa Marekani aliitegemea pembe hiyo kwa spika alizoanza kuuza 1946. Hata hivyo moja ya nane ni sentimita 7,300 za mraba, na konokono wetu ana 800. Kwa hiyo ni nusu honi, nusu bomba linalovuma, na pembe ya chumba ni lazima.

Je, honi huongeza nguvu? Hapana. Spika ya desibeli 92 kwa wati moja hugeuza takriban asilimia 1 ya umeme kuwa sauti, nyingine inaishia kuwa joto kwenye koili, waya uliosokotwa unaosukuma koni. Honi ni gia ya baiskeli: mguu ni uleule, mlima unapandika. Ndiyo maana majumba ya sinema ya Marekani ya miaka ya 1920 yalifunga honi za kujikunja za Western Electric, wakati amplifaya za valvu zilipotoa wati chache tu.

Na si kila spika inafaa. Tafuta yenye sumaku kubwa na koni nyepesi, Qts (kipimo cha jinsi spika inavyojizuia kuendelea kutetemeka; kikiwa kidogo, inajizuia zaidi) kati ya 0.2 na 0.4. Spika za gari zenye 0.7 na kuendelea zitavuma tu.

La mwisho ni lile la kwamba honi huilinda spika. Hulinda juu ya kikomo cha besi cha honi. Chini ya hapo hewa haiishiki tena koni, na koni nyepesi hurukaruka hadi koili igonge. Kata kila kilicho chini ya Hz 35 kabla hakijafika kwenye amplifaya, ndipo ufungulie sauti.