Mimea haili udongo, jamani

Tangu utotoni tunaambiwa mmea unakula udongo kupitia mizizi, na watu wazima wengi tu bado wanaamini hivyo. Sasa nenda Paje au Jambiani kule Zanzibar uone wakinamama wanavyolima mwani, wanaufunga kwenye kamba, unaelea majini, hauna mizizi kabisa wala haugusi udongo, na bado unakua vizuri tu. Chakula chake unajitengenezea wenyewe, unachukua mwanga wa jua, maji na hewa ukaa iliyoyeyuka baharini, unapata sukari, na hiyo sukari ndo nguvu yake. Ule ukijani laini unaoota kwenye mawe nao ni hivyohivyo, na majani wanayokula ng'ombe pia.

Van Helmont, mwanasayansi wa zamani wa Ubelgiji, alipanda mti kwenye pipa miaka 5, ukatoka kilo 2 na kitu hadi karibu 77, udongo ukapungua kama gramu 57 tu! Yeye akadhani uzito wote umetoka kwenye maji, hewa hakuihesabu.

Mbolea? Inahitajika sana, ila yenyewe inaleta madini kama naitrojeni ya kujengea mwili wa mmea, nguvu haileti.